Nusu ya Uso wa Abel

Mama alishawaambia watu wote wa ukoo kwamba picha za Abel zipo kwangu. Aliniambia hivyo kwa simu siku ya Jumatano, sauti yake imekauka kwa wiki tatu za kulia, na alisema kama mtu anayetua mzigo. Padri amekubali kusoma misa Jumamosi bila mwili. Mbele ya altare, pale ambapo jeneza lingekaa, wataweka kigoda, watandike kitambaa cheupe, na juu yake wasimamishe picha. Baba mkubwa Ignasi alikuwa amekataa. Alisema misa ya mtu asiye na mwili wala picha ni kuzika jina tu. Mama akamjibu kwamba picha zipo, Avelina anazo kule studio, mtoto alipigwa picha sitini kwa siku moja.

"Zipo, si ndiyo?" akaniuliza.

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Hazikuwepo. Nilizifuta mimi, kwa mkono wangu.

Abel alikuwa mdogo wangu, wa mwisho kuzaliwa kwetu Msanzi. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipoteremka ziwani kuvua dagaa, na mtumbwi wao ulipinduka usiku wa upepo wakiwa wanne. Wawili waliogelea. Mmoja aliokotwa baada ya siku tatu. Abel hakuonekana. Simu yake, ambayo ndiyo ilikuwa na picha zake zote, ilikuwa mfukoni. Nyumbani tulikuwa na picha moja ya kipaimara, watoto arobaini na askofu, na Abel yupo mstari wa nyuma amegeuka kumcheka mtu, linaonekana sikio. Nyingine mama aliiweka chini ya godoro, mvua ya mwaka juzi ikapita kwenye bati na kuigandisha na gazeti. Kitambulisho alikuwa hajachukua.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa studio Sumbawanga mjini. Niliingia pale kufagia na kuchemsha chai, kwa sababu shule niliachia darasa la tano. Mwenye studio ni kaka Cornelius, anayepiga video za harusi, za jubilei za masista na za uzinduzi wa visima. Ila moyo wake haukuwa kwenye harusi. Moyo wake ulikuwa kwenye kuchora kwa kompyuta vitu visivyokuwepo na kuvichanganya na watu waliokuwepo. Mteja akija kuchukua video ya mwanawe na kuambiwa asubiri kidogo, basi angesimuliwa habari hiyo tangu mwanzo, atake asitake.

Niliisikia mara nyingi hadi nikaishika. Waliotangulia, alisema, walikuwa na mashine inayojaa chumba, na walihangaika miezi na miezi kuchora mchemraba, mpira, birika la chai. Birika hilo lilichorwa na kila mtu aliyetaka kuonyesha kwamba mashine yake inajua mwanga. Baadaye wakaweza maji, wakaweza moshi, wakaweza mijusi mikubwa iliyokufa kabla ya binadamu, na watu wakalipa kiingilio kwenda kuiona ikitembea. Programu za kazi hiyo ziliuzwa kwa bei ya nyumba na zilifichwa kama dawa ya mganga. Kisha moja ikakosa mwenyewe, kampuni ikafa, na watu wa nchi nyingi wakachanga kama sisi tunavyochangia harusi, wakainunua na kuiachia dunia bure. Ndiyo iliyofika Sumbawanga ndani ya flashi.

"Kwa hiyo na mwanangu mmemchora?" mama mmoja alimuuliza siku moja. "Maana kwenye video amependeza kuliko alivyo."

Kaka Cornelius alicheka hadi akakohoa.

Kuchora kwenyewe sisi tunakuita kurenda. Sekunde moja ya sinema ni picha ishirini na tano, na mashine huzichora moja moja, kigae kwa kigae, kutoka juu kwenda chini. Kwa kuwa mimi sikuwa na maneno mengi na niliweza kukaa, kazi ya kuilinda mashine ikawa yangu. Nilikaa mbele yake nikihesabu picha. Picha za kamera ambazo mashine haijazifanyia kazi tuliziita mbichi, na zilizokwisha tuliziita zilizoiva. Diski ilikuwa ndogo, ikawepo sheria moja: kazi ikishaiva, mbichi tupa. Kutupa pia kulikuwa kwangu. Maneno ya Kiingereza siyajui kwa kuyasoma. Nayajua kwa mahali yanapokaa. Mashine ikiuliza kama nina uhakika, ndiyo iko kushoto.

Miaka minne iliyopita kaka Cornelius alitengeneza sinema yake mwenyewe, habari ya zimwi linaloishi ndani ya tanuru la zamani la kuyeyushia chuma, yale ya udongo ambayo mengine bado yamesimama huku kwetu Ufipa. Alitaka kijana mwembamba wa kuwa zimwi. Nikamleta Abel. Kaka Cornelius alimnyoa kichwa, akamkalisha kwenye stuli uani na kumzunguka akimpiga picha, sitini, akimwambia asicheke. Abel kutocheka ilikuwa kazi ngumu. Tulirudia mara tatu.

Kwa picha zile kaka Cornelius alichonga kichwa cha Abel ndani ya kompyuta, akakivika ngozi ya Abel mwenyewe, na juu ya ngozi hiyo akavika ya pili, ya udongo uliopasukapasuka wenye moto ndani ya nyufa. Katika sinema nzima Abel yupo, anakimbia, anapiga magoti, anakufa, na hakuna mahali unapomwona.

Sinema ilipoiva, Abel alikuja studio akasimama mlangoni.

"Dada, niombee kwa bosi picha moja tu," alisema. "Niliyotoka vizuri. Niweke kwenye simu."

Nilimwambia nitaomba. Kaka Cornelius alikuwa na wageni kutoka jimboni, watu wazito wenye mikoba. Nilisimama na birika mkononi nikingoja wanyamaze, hawakunyamaza, nikaona nitamwambia kesho. Jioni ile ile aliniambia nisafishe diski. Nikabonyeza kushoto. Kisha nikamwaga na pipa la taka, kama nilivyofundishwa. Abel hakuniuliza tena. Nadhani alijua.

Alhamisi asubuhi niliifungua studio mapema. Kaka Cornelius alikuwa amevuka mpaka wa Kasesya kwenda kupiga harusi upande wa Zambia, na angerudi Jumatatu. Niliwasha kompyuta mpya na diski ya kazi za zamani. Folda ya mbichi ilikuwa tupu, na nilijua ni tupu, lakini niliifungua na kuifunga mara nyingi, kama mtu anayerudi kuangalia mtungini ambamo ameshaona hamna maji. Ila faili la zimwi lilikuwepo. Kazi zenyewe hatufuti, tunafuta mbichi tu.

Nikakumbuka ile ngozi ya kwanza, iliyo chini ya udongo.

Nikabonyeza. Faili likafunguka, zimwi likasimama. Pembeni mwa kila kitu kuna alama ya jicho. Ukiligusa jicho, kitu hicho hujificha. Nikaugusa udongo, ukaondoka. Chini yake kulikuwa na kichwa cha Abel, umbo lake kabisa, masikio yake, kidevu chetu. Lakini kilikuwa cha kijivu, laini kama chungu kisichochomwa. Hakikuwa na ngozi. Nikakirenda. Kikatoka kijivu vile vile, kwa sekunde chache, na macho meupe yananitazama.

Nilimpigia kaka Cornelius mara kumi na moja kabla mtandao haujamkamata. Ilibidi niseme kila kitu, na kusema kulinichukua muda mrefu kwa sababu nilikuwa nikikwama kila neno. Nilisikia ngoma za harusi nyuma yake.

"Ulifanya sawa, Avelina," alisema mwishowe. "Ndivyo nilivyokufundisha."

Ningependa angenitukana.

Kisha akanieleza. Kompyuta mpya ina toleo jipya la programu, na toleo jipya linafuata kila mwale wa mwanga kama ulivyo kweli. Lile la zamani lilikisia. Uliliambia hapa pana kivuli, hapa panang'aa, likakuamini. Waliotengeneza jipya waliiondoa kabisa ile sehemu iliyokuwa ikikisia, aliyoiita mchoraji wa zamani, na ngozi zilizoshonwa kwa ajili yake toleo jipya halizielewi. Ngozi ya Abel imo ndani ya faili, alisema, haijapotea, lakini anayejua kuivalisha ni yule wa zamani tu. Mtandaoni matoleo ya zamani bado yapo, mamia, ila mimi ningelijuaje la siku zile. Kompyuta ya zamani aliiuza Namanyere kwa mtu mwenye duka la fotokopi karibu na halmashauri, anaitwa Meshack. Kama hajaifuta, ipo. Nikamuuliza kama hajaifuta. Akasema hajui, na mtandao ukakata.

Ijumaa nilipanda basi la kwanza la Namanyere, flashi yenye faili la zimwi nimeifunga kwenye pindo la kanga. Njia nzima nilitazama mashamba ya ulezi yakipita na kurudia maneno nitakayomwambia huyo Meshack. Nilipofika dukani yote yalikuwa yameniishia. Palikuwa na foleni ya walimu na fomu zao. Nilisimama pembeni ya mlango, kila aliyekuja akanipita.

Meshack alikuwa mtu mnene mwenye miwani imefungwa kwa uzi. Alinitazama kwa juu ya miwani kama mara nne.

"Dada, hapa hatuuzi aibu," alisema. "Tunauza fotokopi. Sema."

Walimu wakacheka. Nikamwamkia shikamoo, na badala ya maneno niliyoyapanga nikasema, "Mdogo wangu yumo kwenye kompyuta yako."

Meshack hakutania tena. Aliwapa walimu karatasi zao, akafunga nusu ya mlango, akanivutia kiti. Nilipomaliza kueleza alivuta kitambaa kilichofunika mashine nyuma ya kaunta. Niliijua kabla hajaiwasha, kwa ufa wa pembeni ambao niliufanya mimi nikifagia.

Alisema alishaondoa vitu vingi ili iwe nyepesi. Miziki, michezo, picha za harusi za watu asiowajua. Nilikuwa nikiangalia kioo kikiwaka polepole.

"Hiki je?" akauliza, akionyesha alama ndogo kwenye kona. "Hiki sijui ni cha nini. Kila siku nataka kukifuta, naogopa nitaharibu mashine."

Ndicho chenyewe, ile programu ya zamani. Asiyejua aliacha, na mimi ninayejua nikafuta.

Niliweka flashi, nikalifungua faili, nikaligusa jicho la udongo. Abel alikuwa chini yake, na safari hii alikuwa na rangi. Nikampeleka mbele ya mwanga na kubonyeza. Mashine ikaanza kunguruma kama zamani. Kigae cha kwanza kikatoka juu, kipara chake. Kigae cha pili. Cha tatu. Niliweka viganja kwenye magoti. Likatoka paji la uso, zikatoka nyusi, yakatoka macho, na Meshack, ambaye hakumjua Abel, akasema taratibu kwamba kweli tunafanana.

Wakati huo nilikuwa nimeshaona.

Abel alikuwa na kovu kwenye nyusi ya kushoto. Alilipata akiwa na miaka mitatu, akicheza nyuma ya mama shambani wakati mama anaiinua ardhi kuwa matuta. Jembe lilirudi nyuma likamkuta. Lilikuwa kovu dogo, jeupe, mahali ambapo nyusi haikuota tena. Kwenye kioo kulikuwa na makovu mawili. Moja kushoto, moja kulia, sawasawa, kama macho yalivyo mawili.

Ndipo nilipokumbuka kaka Cornelius alivyofanya. Kompyuta hii ilikuwa dhaifu, haikuweza kubeba kichwa kizima, kwa hiyo alichonga upande mmoja tu na kuiamrisha mashine iuakisi upande wa pili. Zimwi halihitaji kuwa na pande mbili tofauti, alisema siku ile. Nani atajua?

"Alikuwa na makovu mawili?" Meshack aliuliza.

"Moja."

"Basi futa moja."

Nilijua mahali pa brashi. Nikalipaka kovu la kulia rangi ya ngozi ya jirani, nikaondoa mkono. La kushoto nalo likawa limetoweka. Nikatengua nilichofanya. Yakarudi yote. Nikajaribu tena kwa kidogo kidogo, na kila nilichokifanya huku kikafanyika kule, kwa sababu ngozi ilikuwa moja tu, nusu, imekunjwa na kuvalishwa pande mbili. Meshack alisema kuna namna ya kuhariri picha ikishatoka, ila yeye alikuwa na programu za barua peke yake, na anayeyajua hayo, kaka Cornelius, yupo Zambia hadi Jumatatu, na misa ni kesho.

Nilifanya na jambo lingine ambalo najuta. Uso ulikuwa hauna kitu, macho mbele, midomo imefungwa, uso wa mtu aliyeambiwa asicheke. Abel hakuwa hivyo hata akilala. Zimwi lilikuwa na vishikizo vya kulifanya licheke, nikavishika. Nikavuta pembe za mdomo juu. Midomo ya mdogo wangu ikaachana, na ndani hamkuwa na kitu. Hamkuwa na meno wala ulimi. Lilikuwa shimo tu, na kupitia shimo lile niliona nyuma ya kichwa chake upande wa ndani. Nilivirudisha haraka. Meshack alikuwa ameshaangalia pembeni.

Ilibaki kuchagua. Makovu mawili, au uso usio na kovu lolote, ambao ungekuwa mzuri, na pale kanisani hakuna ambaye angeuliza. Saa ya basi ilikuwa imekaribia. Niliona nimeshaficha vya kutosha. Nikachapisha wenye makovu mawili, Meshack akaufunga kwenye nailoni ngumu ile ya vyeti, pembe zake akazikata mviringo.

Jumamosi niliingia Msanzi asubuhi, uwanja umejaa watu na baiskeli. Baba mkubwa Ignasi aliniuliza kabla sijamwamkia vizuri kama nimekuja na hizo picha sitini, kwa sauti ya kusikiwa na watu. Niliinama nikapita. Mama alikuwa jikoni peke yake, kichwa amenyolewa, amekaa kwenye kinu kilicholazwa. Nikafunga mlango. Sikumpa bahasha ya picha kwanza.

Nilimwambia nilizifuta. Nilimwambia Abel aliniomba nimwombee moja nami sikuomba. Nilimwambia nilichokuja nacho kimechorwa na mashine, ni nusu ya uso wake imerudiwa, na ndiyo maana ana kovu mara mbili. Nilisema yote nikitazama majivu.

Mama aliuliza, "Alikuomba lini?"

"Mama, zamani. Sinema ilipokwisha."

"Alisema anaitaka ya nini?"

"Aweke kwenye simu."

Alitikisa kichwa, akanyoosha mkono. Niliitoa picha. Aliiegemeza kwenye magoti, akaitazama kwa muda mrefu bila kulia, akapitisha kidole kwenye sikio, kwenye kidevu, kwenye midomo ile iliyofungwa. Nje waliimba wimbo wa kuanza safari ya kwenda kanisani na mtu akagonga mlango, hatukujibu.

"Lipi la uongo?" akauliza.

Nikamwonyesha la nyusi yake ya kulia.

"Nilimkata mara moja tu," mama alisema. "Mara moja."

Akaweka dole gumba juu ya lile kovu la uongo, akasimama.

Alitembea hivyo hadi kanisani, picha kifuani, kidole hakijaondoka. Kigoda kilikuwepo mbele na kitambaa chake. Padri alimwashiria aiweke, hakuiweka. Baba mkubwa alimwinamia akamnong'oneza kwamba watu wanataka kuona, mama akabaki anatazama mbele. Kigoda kikakaa kitupu misa nzima. Yeye alikaa benchi la kwanza na Abel mapajani, nami nilikaa nyuma yake, mahali nilipoweza kuona shingo yake na ukucha wa kidole ukiwa mweupe kwa kukandamiza. Hakunigeukia. Padri alitaja jina la Abel mara tatu, na kila alipolitaja mabega yake yalishuka kidogo, kama yanayobebeshwa.

Watu walipoanza kupanga mstari wa komunyo, mama alisimama, akasita. Alihitaji mikono yake. Baba mkubwa alinyoosha ya kwake kuipokea picha. Mama alimpita, akageuka kwangu, na macho yake yalikuwa mekundu na makavu, sikuona ndani yake kama nimesamehewa.

"Shika," alisema. "Kidole chako hapa."

Niliingiza dole gumba langu chini ya lake, na yeye akaondoa la kwake taratibu, ili kovu lisionekane hata mara moja. Nailoni ilikuwa na joto la mkono wake. Mstari ulikuwa mrefu. Nilibana hadi kidole kikafa ganzi, na sikukiachia.